Utosi wa Shangazi

Igowole ya mwezi wa Juni haina haja ya kukueleza kwa nini wanawake wamefunika vichwa. Ukungu unalala juu ya chai tangu alfajiri, barabara ya kwenda Nyololo huioni vizuri mpaka jua lichomoze, na kila anayepita amevaa kofia ya sufu, juu yake kilemba, na akiwa mtu mzima anaongeza na mtandio. Ndiyo maana shangazi yangu alipokaa na kilemba miaka mitatu, ndani ya nyumba, jikoni, hata Oktoba jua linapowaka, hakuna aliyemuuliza kitu. Tulidhani ni baridi.

Nilijua usiku mmoja. Tumemaliza kula, watoto wamelala, akaniambia: "Mwanangu, hebu washa tochi ya simu uniangalizie hapa utosini. Panawasha kama nimepakwa pilipili." Akafungua kilemba.

Sehemu yenye ukubwa wa kisosi haikuwa na nywele. Haukuwa upara wa kunyolewa. Kichwa kilichonyolewa kina vitundu, na ukipitisha kiganja kinakwaruza. Hapa ngozi ilikuwa laini, inang'aa kwenye mwanga wa tochi, vitundu vyenyewe havipo. Nywele tatu nne zilizobaki zilisimama mbalimbali kama paini zilizosahauliwa baada ya shamba kuvunwa. Pembeni, pale kipara kinapokutana na nywele nzima, palikuwa na vipele vichache na nywele zilizokatika fupifupi. Nilipopagusa akarudisha kichwa nyuma.

"Hapo hapo," akasema. "Hapo ndipo moto ulipo."

Maelezo alikuwa nayo mengi. La kwanza lilikuwa ngata: miaka yote ya kubeba ndoo na kuni imelisugua eneo lile. La pili, dawa ya nywele aliyowekwa kwa ajili ya harusi ya binti wa jirani, ikamuunguza, akavumilia ili nywele zilale. Jirani huyo huyo alisema ni mapunye. Mwingine, kwa sauti ya chini, alisema kuna mtu alizoa nywele zake sakafuni saluni. Kati ya hayo yote, duka la dawa lilichagua mapunye, na kwa miaka miwili shangazi alipaka dawa ya fangasi kila jioni. Kisosi kikaendelea kupanuka.

Kwa Kiswahili ugonjwa huu hauna jina lililozoeleka. Madaktari wa ngozi wanauita kwa herufi nne, CCCA, na maana yake kwa lugha ya nyumbani ni upara wa kovu unaoanzia katikati ya utosi na kusambaa kuelekea nje. Huwapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika, wengi wao kuanzia miaka ya thelathini na kuendelea. Si maambukizi, kwa hiyo hauambukizwi kwa kitana wala kwa kubadilishana vilemba. Ni mcharuko: askari wa mwili wenyewe wanakusanyika mahali wasipotakiwa na kuanza kubomoa.

Mtu wa Mufindi anaweza kuuelewa kwa kutazama shamba lolote la chai. Kila baada ya miaka michache chai hupogolewa. Anayeliona kwa mara ya kwanza shamba lililopogolewa huhisi limeungua: vishina vitupu, hakuna jani. Wiki chache baadaye machipukizi yamejaa, kwa sababu kisiki kiko hai. Nywele nyingi tunazopoteza maishani hupotea namna hiyo. Mama aliyejifungua humwagika nywele baada ya miezi mitatu hivi, mgonjwa aliyetoka kwenye homa kali vilevile, na mtoto mwenye mapunye akitibiwa mapema kwa kawaida nywele zake huota tena. Kisiki kipo. Upara wa kovu hauishii kwenye matawi, unachoma kisiki chenyewe.

Kisiki cha unywele kiko wapi? Wengi tungesema kwenye mzizi, kule chini kabisa. Sivyo. Seli shina zinazozaa unywele mpya zimejificha sehemu ya juu ya kifuko cha unywele, karibu na tezi ya mafuta, pale panapojishikiza kamsuli kadogo kanakosimamisha malaika ya mwili ukipigwa na baridi ya asubuhi. Ndiyo maana unywele ukiung'oa na kinundu chake cheupe, mwingine unaota. Katika ugonjwa wa shangazi, seli nyeupe za damu huizingira sehemu hiyo hiyo. Kabla ya hapo kuna kasoro nyingine: unywele ukiwa ndani ya ngozi huvikwa ala, na ala ya ndani kwa kawaida huyeyuka ukikaribia kutoka. Hapa huyeyuka mapema, chini zaidi, unywele ukabaki unasugua ukuta wa kifuko bila nguo. Tezi ya mafuta hupotea mapema. Halafu mwili hujaribu kuziba jeraha kwa kulizungushia kovu, tabaka juu ya tabaka, na ukilikata na kulitazama kwenye hadubini linafanana na kitunguu kilichokatwa. Mwishoni kinachobaki ni uzi wa kovu mahali palipokuwa na unywele, na ngozi ya juu inafunga kitundu chake.

Hakuna dawa inayoweza kuotesha nywele kwenye kovu. Shangazi alipoambiwa hivyo alinyamaza kwa muda, akauliza: "Sasa mnatibu nini?" Jibu nitalifikia, ila kuna jambo la kusema kwanza, kwa sababu linanikera.

Kwa miaka mingi sayansi ilimwambia mwanamke mweusi kwamba alijitakia. Mwaka 1968 madaktari watatu wa Marekani, LoPresti, Papa na Kligman, walieleza wagonjwa 51, wanawake weusi waliokuwa na upara wa utosini. Waliupa ugonjwa jina la kitana cha moto. Bibi zetu wanakijua: kitana cha chuma kinachopashwa kwenye jiko la mkaa, nywele zimepakwa mafuta, moshi unapaa, sikio linaungua kidogo na unaambiwa utulie. Nadharia yao ilikuwa kwamba mafuta yaliyoyeyuka hutiririka kwenye unywele hadi ndani ya kifuko, yakakiunguza na kukiachia kovu. Ilieleweka upesi, ilipendeza darasani, na ilikaa vitabuni kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1992 Sperling na Sau waliangalia upya. Matumizi ya kitana cha moto hayakulingana na ugonjwa: wapo waliokuwa wamekiacha zamani na kipara kikaendelea kutembea. Wao ndio walioitilia maanani ile ala inayoyeyuka mapema. Miaka miwili baadaye ugonjwa wa sura hiyo hiyo ukaelezwa kwa wanaume, watu ambao kitana cha moto walikiona mikononi mwa dada zao tu. Mwaka 2001 wataalamu wa nywele wa Amerika Kaskazini walikutana wakaupa jina jipya lisilomtaja msusi wala kitana, ndizo hizo herufi nne.

Lawama hazikuisha, zilihama. Kitana kikatoka, dawa ya kulainisha nywele ikaingia. Mwaka 2011 utafiti wa wanawake 529 nchini Marekani ulikuta asilimia 5.6 wana upara mkubwa wa utosini, na haukuona uhusiano wa wazi na dawa wala kitana cha moto. Mwaka huo huo utafiti mwingine, wa wanawake 326, uliona kwamba misuko ya kuvuta na wivingi ilikuwa imetumika zaidi na wenye ugonjwa. Msomaji akichanganyikiwa hapo, hayuko peke yake.

Jibu zito lilitoka karibu nasi kuliko Marekani. Durban, Afrika Kusini, Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal alikuwa ameona kitu ambacho msusi yeyote wa kijijini angekiona kama angeulizwa: mama ana kipara cha utosi, dada yake anacho, na binti anaanza. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha ushahidi kwamba katika familia nyingi ugonjwa unarithiwa, na kwamba mzazi mmoja anatosha kuupitisha. Kisha, mwaka 2019, timu iliyomjumuisha yeye na wanasayansi wa Israeli na Marekani ilisoma vinasaba vya wagonjwa 16, wakaongeza wengine 42. Kati ya wote 58, wagonjwa 14 walikuwa na hitilafu kwenye kinasaba kinachoitwa PADI3.

Kazi ya kinasaba hicho ni ya ufundi. Kinatengeneza kimeng'enya kinachoibadilisha protini moja ya unywele ili nyuzi zake zishikane vizuri na unywele upate umbo. Kimeng'enya kikiwa kibovu, unywele unajengwa na fundi asiye na rula. Na kama ujenzi wenyewe una kasoro kabla unywele haujatoka kwenye ngozi, mwanamke anaweza asiguse dawa wala kitana maisha yake yote na bado akaumwa.

Sisemi saluni imeachiwa huru. Wagonjwa 44 kati ya wale 58 hawakuwa na hitilafu ile, kwa hiyo bado kuna mengine. Na kitambaa chepesi hakichaniki kabatini, kinachanika kikivutwa. Daktari yeyote mwenye busara atamwambia mwenye ugonjwa huu apumzishe utosi: asuke kwa ulegevu, aache ritachi, draya iwe ya uvuguvugu. Upo pia upara mwingine ambao misuko ni mshitakiwa wake halisi, ule wa kwenye kingo, juu ya paji la uso na masikio, unaoletwa na kuvutwa. Nonhlanhla Khumalo na wenzake walipochunguza vichwa vya watu wazima 874 mjini Cape Town, katika utafiti uliochapishwa 2007, waliukuta kwa asilimia 31.7 ya wanawake. Ule wa utosini ulikuwa nadra zaidi, ila kwa wanawake waliovuka miaka 50 ulifika asilimia 6.7. Twende kilioni iliyobanwa mpaka macho yanavutika ina kesi yake ya kujibu, lakini si kesi ya shangazi.

Wanaume nao wana wa kwao, nautaja kwa kupita: vile vipele vya kisogoni vinavyokomaa kuwa vinundu vigumu, vinyozi wote wanavijua. Nao ni mcharuko unaoishia kwenye kovu, na kunyoa kipara kwa kukandamiza mashine kunauchochea.

Tulimpeleka shangazi hospitali ya rufaa. Aliyemwona hakuwa daktari bingwa, alikuwa afisa tabibu wa ngozi aliyesomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 katika viwanja vya KCMC. Kituo hicho huwachukua maafisa tabibu na wauguzi wazoefu kutoka nchi mbalimbali za Afrika na kuwafundisha ngozi kwa miaka miwili, kwa sababu madaktari bingwa wa ngozi ni wachache mno kuweza kufika kila wilaya. Kijana yule alimwamkia shangazi, akamwomba ruhusa ya kufungua kilemba, akafunga mlango kwanza. Shangazi anaitaja habari ya mlango mpaka leo.

Alitazama kwa lenzi ndogo yenye taa. Akatafuta vitundu. Akatazama masikio, maana kuna aina ya lupasi inayoacha kovu kichwani na mara nyingi huacha alama sikioni pia. Akakwangua magamba kidogo ili kumalizana na mapunye. Kisha akachoma ganzi na kutoa vipande viwili vya ngozi, kila kimoja na upana wa milimita 4, kama punje ya mtama. Hakuvitoa katikati ya kipara. Katikati ni majivu, alisema, na majivu hayakwambii nani aliwasha moto. Alivitoa pembeni, penye nywele zilizokatika.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, uliwahi kuambiwa una uvimbe kwenye kizazi?"

Shangazi akanitazama. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa faibroidi miaka mingi iliyopita, jambo ambalo mimi nilikuwa silijui. Swali lilikuwa na msingi. Mwaka 2018 watafiti wa Baltimore walipitia kumbukumbu za maelfu kwa maelfu ya wanawake weusi, na kati ya 447 waliokuwa na ugonjwa huu wa utosini, asilimia 13.9 walikuwa na faibroidi, wakati kwa wasio nao ilikuwa asilimia 3.3. Hiyo haimaanishi kimoja kinaleta kingine. Faibroidi ni nyuzi zilizojazana kupita kiasi kwenye kizazi, keloidi ni kovu lisilojua kuacha, na utosi huu nao ni kovu. Yawezekana ni tabia moja ya mwili inayojitokeza sehemu tofauti.

Sasa lile swali la shangazi, mnatibu nini. Wanatibu mpaka. Katikati pamekwenda, vita iko pembeni, kwenye vifuko vinavyowaka lakini havijafa. Dawa ya kwanza ilinishangaza kwa sababu naijua kwa sifa mbaya: klobetasoli, steroidi kali, ile ile inayochanganywa kwenye mkorogo na kuharibu nyuso za dada zetu. Utosini, kwa kipimo na kwa muda uliopangwa, inatuliza seli zilizocharuka. Akaandikiwa kupaka kwenye ukingo na sentimita moja ndani ya nywele nzima, ambako jicho linaona ni pazima. Pamoja nayo, sindano za steroidi nyingine, triamsinoloni, matone madogo madogo chini ya ngozi kuzunguka kisosi, kila baada ya wiki sita hivi. Zinauma. Shangazi, ambaye amezaa watoto watano nyumbani, alisema zinauma.

Ya tatu ilikuwa doksi. Alikataa mwanzoni, kwani kwa watu wengi doksi ni dawa ya magonjwa ya zinaa, na jirani angeona pakiti. Ikabidi aelezwe kwamba hapa haitumiki kuua wadudu. Doksisaiklini ina tabia ya pili, ya kupoza mcharuko, na ndiyo maana inatumika kwa miezi badala ya siku saba. Imezwe na maji mengi, baada ya chakula, na mtu asilale hapo hapo, la sivyo inachoma koo. Wasiotulia kwa hizo hupewa wakati mwingine haidroksiklorokwini, binamu wa klorokwini tuliyoimeza kwa malaria na kujikuna usiku kucha mpaka Tanzania ilipoiweka kando mwaka 2001. Anayeitumia kwa muda mrefu hupimwa macho. Mcharuko ukishatulia, minoksidili huongezwa ili kunenepesha nywele zilizobaki, maana kuipaka moto ukiwa unawaka ni kupoteza hela.

Jipya zaidi ni dawa ambayo wazee wengi wa Igowole wenye kisukari wanayo kwenye droo: metfomini. Kwa kuwa inaonekana kupunguza utengenezaji wa kovu, Crystal Aguh na wenzake wa Johns Hopkins waliwapa wagonjwa 12 miligramu 500 kwa siku kwa miezi sita, wakachapisha matokeo mwaka 2024. Maumivu na muwasho vilipungua, na baadhi waliota nywele. Ni watu 12 tu, bila kundi la kulinganisha nalo. Naandika hili nikijua kuna msomaji atakayeenda kuomba vidonge vya mume wake, na ninamwomba asifanye hivyo.

Majibu ya vile vipande yalirudi na kile kitunguu kimeandikwa kwa lugha ya maabara. Tiba ikaendelea. Yule kijana alimwonyesha shangazi namna ya kupima: uzi kutoka katikati ya nyusi kupita juu ya kichwa hadi ukingo wa nyuma wa kipara, fundo moja pale kinapoanza na jingine kinapoishia. Uzi huo unakaa kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Muwasho ulipungua mwezi wa pili. Kugusa kuliacha kuuma mwezi wa nne. Mafundo hayajasogea tangu Februari, na kwenye ukingo wa mbele zimeota nywele chache nyembamba ambazo yeye anazihesabu na mimi sizioni vizuri.

Kilemba bado anakivaa. Kilichobadilika ni saluni. Wiki iliyopita alikaa pale sokoni kwenye benchi, hajasukwa, akimsubiri binti yake wa mwisho, mwenye miaka 26, ambaye msusi alikuwa anamfumua rasta. Mwanamke anaonekana utosi na msusi wake kwanza, kabla ya mume, kabla ya daktari, na msusi huyu alikuwa amesema kitu kidogo tu: hapa juu zinakatika, dada, nikuwekee stimu. Shangazi akasimama. Akaniomba simu, akaiwasha tochi mwenyewe.

"Acha stimu kwanza," akamwambia msusi. Kisha kwa binti: "Inama. Inama vizuri nikuone."